Baba wa Bibi Hakuwa Mngereza

Nilipokuwa mwanafunzi Ulaya nilikuwa na tabia moja ambayo hata leo, ikinijia nikiwa peke yangu jikoni, hunifanya nifunike uso kwa mtandio. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mimi ni Muairishi. Si mzima, nikiharakisha kuongeza kwa unyenyekevu wa kujitia. Sehemu tu, upande wa bibi. Nilipenda namna walivyonitazama kutoka kichwani hadi miguuni wakiitafuta hiyo sehemu. Kisha siku moja nikakutana na Muairishi wa kweli, akaniuliza babu yangu alitoka upande gani wa nchi. Nikafikiri, nikamjibu: upande wa baridi. Akaniambia nchi yote ni upande wa baridi.

Nilichokuwa nacho juu ya babu huyo, na nilicho nacho mpaka sasa, kilitoka kinywani mwa bibi yangu mzaa baba, ambaye alikuwa binti yake. Kwa maelezo ya Bibi, baba yake alikuwa fundi wa boila katika meli ya moshi. Meli ilipofika Unguja yeye alikuwa hoi kwa homa. Wakamshusha kwa machela, na meli ikaenda zake. Alipopona hakuna aliyekuja kumchukua, akapata kazi kwenye kiwanda cha barafu. Jambo hili lilimchekesha Bibi maisha yake yote, kwamba mtu kaikimbia baridi ya kwao kaja kwetu kuitengeneza kwa mashine. Akasilimu. Akatahiriwa na ndevu zake, na kipande hiki Bibi alimhadithia yeyote, hata mgeni aliye katikati ya kula. Akamwoa mtoto wa watu wa Malindi, mtaa wa hapo hapo mjini. Ramadhani alifunga, ila mchana wote alilala ndani ya chumba cha barafu, na mashekhe wa mtaani wakagawanyika kama funga ya namna hiyo inasihi. Alifariki Bibi akiwa ameolewa punde.

Na hakuwa Mngereza. Ukilikosea hili mbele ya Bibi, siku hiyo ulikula mwisho. "Wangereza waliwakalia kwao kama walivyotukalia sie," alikuwa akisema. "Baba yangu akiwaona wanapita, akitema mate. Kwa adabu, lakini akitema."

Tulifika Maskati mwaka 1964, mimi nikiwa mtoto wa miaka sita. Tulikuwa Bibi, baba na mama yangu, shangazi yangu aliyekuwa kitindamimba wa Bibi, na mimi. Babu, mume wa Bibi, alikuwa keshafariki, lakini kabila lake lilijulikana huko bara ya Omani, na shekhe wao mmoja akasimama akasema hawa ni wetu. Hilo ndilo lililotufungulia mlango. Jina la kabila silitaji. Wenye kulijua wanalijua, na wasiolijua hawakosi kitu.

Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja ndani ya ukuta wa mji, chini ya majabali meusi yaliyolimbikiza joto mchana kutwa kisha yakatugawia jioni. Maji yalikuja kwa madebe. Mizinga ikilia, milango ya mji ikifungwa, na kila aliyebaki nje alibaki na shauri lake. Siku ya kwanza Bibi alipanda darini, akaitazama nchi ya wazee wa mumewe pande zote nne, akasema, "Haya majabali hayana hata haya. Yako uchi."

Bibi alikuwa na Kiarabu cha kusalia, si cha kununulia samaki. Baba alijifunza upesi kwa sababu ya kazi. Alikuwa karani katika kampuni ya mafuta, ambako alichotakiwa zaidi ni Kiingereza. Lakini mwenye Kiarabu cha sawasawa nyumbani alikuwa shangazi. Alikisoma tangu Unguja, na alikuwa na sikio. Kwa hivyo shangazi akawa ulimi wa Bibi. Mwanamke wa kijiji cha Sidab aliyetuletea samaki akisimama ngazini, Bibi hupiga ukelele, "We mwanangu, njoo uniambie huyu ananitukana au ananipa bei!" Naye shangazi hushuka, husikiliza, husema, "Vyote viwili, Mama."

Mwaka wa pili au wa tatu ikaja posa. Walikuwa watu wa Matrah, mji wa jirani, wafanyabiashara wa vitambaa, wenyeji wa hapo tangu hapo. Dada wa kijana alimwona shangazi arusini, akenda kumsifu kwao. Kijana mwenyewe akapita chini ya dirisha letu mara moja kwa shughuli, na mara ya pili bila shughuli yoyote. Shangazi alianza kuimba akiosha mchele. Nilimsikia akimwambia mama yangu, "Nnampenda, wifi. Sijui kama nnampenda yeye au nnapenda kutoka nyumba hii, lakini kitu nnapenda." Alikuwa na miaka ishirini na kitu, umri ambao kwa hesabu za wakati ule majirani walishaanza kumwombea dua.

Sasa, kule Unguja watu walichanganyika hata aliyetaka kuchambua angekesha. Maskati walichambua. Kabila la baba lilitosha kukuingiza nchini, lakini katika ndoa waliuliza na upande wa mama: wajomba ni kina nani, na huyo mama naye ni binti wa nani. Wakitaka kuhakikisha kwamba mume na mke wanalingana kwa nasaba. Baba yangu alilijua hilo, akatukalisha sote.

"Mama," alisema, "babu yule Muairishi tumwache Unguja."

"Yuko Unguja," Bibi akamjibu. "Kazikwa huko, na kaburi nalimjengea mie."

"Nna maana tusimtaje."

Bibi alikuwa na macho ya kijivu, ambayo hayakumpata mtoto wake hata mmoja. Akamkazia baba yangu hayo macho mpaka baba akaanza kutazama viatu vyake.

"Na wakiuliza macho haya?"

"Tutasema uzee, Mama."

"Uzee wa rangi?"

Shangazi alikuwa amekaa na mikono kwenye mapaja, anamtazama mama yake. Bibi akamwona. Akashusha pumzi, akasema, "Haya. Nshafunga mdomo."

Akaufunga kweli. Siku wageni walipokuja, baada ya alasiri, alikuwa mtulivu hata mama yangu akamgusa paji la uso. Walikuja wanawake wawili: mama wa kijana, mnene, mwenye sauti laini, na dada mkubwa wa mama huyo, mwembamba, aliyepanda ngazi zetu kwa kuzilaumu moja moja. Mama yangu alikuwa kaandaa halwa na tende na kahawa, kila kitu kwa taratibu za hapo. Tuliketi. Wakaulizana khabari kama desturi ya kule, kwa zamu, na kila upande ukajibu kwamba khabari ni njema na hakuna jipya, ingawa sote tulijua jipya ni lipi. Shangazi alikuwa chumba cha pili, kama inavyompasa anayeposwa, lakini Bibi hakuweza kujibu swali hata la tatu bila yeye, ikabidi aitwe aje afasiri posa yake mwenyewe. Aliingia ameinamisha kichwa, akakaa nyuma ya bega la mama yake.

Mambo yakaenda vizuri. Kisha Bibi akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na sinia.

Ni lazima nieleze mkate ule. Baba wa Bibi alimfundisha mkewe, na mke akamfundisha bintiye, mkate wa kwao: unga wa ngano, chumvi, magadi kidogo, na maziwa yaliyoganda, hauna hamira wala haungoji kuumuka. Unauviringa, unauweka kwenye sufuria, unapalia makaa juu na chini. Na kabla ya kuupika unaukata juu kwa kisu, mkato mmoja huku na mmoja huku, mpaka pembeni. Bibi aliambiwa na baba yake kwamba huko kwao wako mashetani wadogo wanaopenda kujificha ndani ya unga, na mikato ile ni njia ya kuwafungulia watoke. Yeye alipiga bismillahi juu yake ili wasirudi. Kwetu mkate huo ulikuwa ndio kitu cha kumpa mgeni unayemheshimu kupita kawaida. Unguja kila jirani aliujua, ukitoka motoni watoto walikuwa mlangoni tayari. Katika maisha yetu yote hakuna aliyeutazama mkate ule kwa macho ya mtu anayeuona mara ya kwanza. Sisi tulifunga midomo yetu mitano, tukausahau mkate.

Bibi aliuweka katikati ya mkeka, mzima, wa moto, umetuna na kupasuka pale palipokatwa, na msalaba wake uko wazi hata kipofu angeupapasa.

Mama wa kijana alirudisha mkono wake. Yule dada mwembamba akainama, akautazama, akauliza kwa Kiarabu, taratibu, bila ubaya, hiki ni nini.

"Anauliza ni nini, Mama," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. Yeye alikuwa keshauona ule msalaba.

Na Bibi naye akauona. Nilimwona anavyouona, akiwa mtu wa miaka sitini, kwa mara ya kwanza. Mama yangu akasema upesi kwa Kiswahili, akitabasamu kama anayesifu hewa, "Sema umekatwa vipande vinne, kila mtu chake, mambo yeshe."

Ulikuwa uongo mzuri. Ungetosha. Wageni wenyewe walikuwa wanauhitaji.

"Mwambie," Bibi akasema, "ni mkate wa baba yangu. Mwambie baba yangu alikuwa mtu wa Ayalandi, kaja na meli, kasilimu kwa khiari yake, na kafa Muislamu."

Shangazi akainua kichwa, akawaambia wageni kwa Kiarabu kilichonyooka kwamba mama anasema umekatwa vipande vinne ili kila mgeni apate chake.

Wageni wakatoa pumzi. Mama wa kijana akaunyosha tena mkono. Lakini Bibi, ambaye hakujua kununua samaki, alilijua neno la Kiarabu la baba, maana liko katika dua zote. Akangoja alisikie. Hakulisikia.

Akageuka kwa wageni yeye mwenyewe, akajipiga kifuani. "Abuya," akasema. Baba yangu. Akaunyooshea mkate kidole. "Nasrani." Mkristo. Halafu, kwa nguvu, mkono juu: "Aslam!" Akasilimu.

Yule mwembamba akamuuliza, kwa huruma nadhani, alitoka wapi. Bibi hakuwa na neno la Kiarabu la Ayalandi, na sidhani kama kuna mtu pale aliyekuwa nalo. Alitafuta. "Bahari," akasema, "mbali." Kisha akajikumbatia mabega akajitetemesha, awaonyeshe baridi. Katika joto la Maskati, na jasho likimtoka, bibi yangu akatetemeka mbele ya wakwe.

Mwembamba alimega kipande akala. Akasema kitamu. Mama wa kijana hakula. Walikaa muda wa heshima, wakatikisa vikombe vya kahawa kuonyesha imetosha, wakaondoka.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili tatu, nalo lilikuwa la kiungwana: wameswali istikhara kumtaka Mungu shauri, na istikhara haikutoka vizuri. Ndivyo watu wenye adabu wanavyokataa, wanamwachia Mungu. Hakuna aliyemtaja Muairishi.

Shangazi hakulia mbele yetu. Aliacha kufasiri tu. Mwanamke wa Sidab akija, Bibi akiita, shangazi hukaa alipo. Bibi akashuka mwenyewe. Wiki za mwanzo tulikula samaki ambao hata paka wa jirani aliwahoji. Lakini Bibi alikuwa mkaidi, na yule muuzaji alipenda kufundisha, na baada ya mwaka walikuwa wakikaa ngazini asubuhi nzima. Mpaka mwisho wa maisha yake Kiarabu cha Bibi kilinuka papa.

Niliwasikia wakigombana mara moja tu, darini, wakianua nguo.

"Ungenyamaza, Mama. Neno moja tu, usingelisema."

"Nalinyamaza. Uliponigeuza maneno ndo nkasema."

"Mtu keshakufa! Mimi nipo hai hapa mbele yako!"

"Nyumba nimeiacha," Bibi akasema. "Kaburi la babako nimeliacha. Vyombo, ndugu, mti wa mkungumanga nlioupanda kwa mkono wangu. Sijalia, umeniona kulia? Basi na baba nimkane, kwa watu wasiojua hata kula mkate?"

"Na mimi je?"

Bibi alikunja shuka. Akaikunja tena, ingawa alikuwa keshaikunja. "Wewe nimekukosea," akasema. "Lakini ningekosea kotekote."

Nikiwa msomi, nimeipenda sana ile kauli ya darini. Nimeihadithia kwenye karamu, nikimfanya Bibi shujaa wa ukweli, na watu wenye digrii wametikisa vichwa. Shangazi alinisikia mara moja nikiihadithia. Akaniambia, "Wewe ndiye uliyepata hadithi. Miye ndiye niliyekosa mume." Kwa bahati mbaya nilikuwa bado nimeshika kikombe juu kama mtu anayetaka kutoa hotuba.

Mwaka 1970 mambo ya nchi yakageuka. Ukaja utawala mpya, shule za wasichana zikaanza, na watu wetu waliotawanyika Afrika na Ulaya wakaanza kuja kwa wingi. Mmoja wao alipata kazi ofisini kwa baba yangu. Alikuwa mtu wa Pemba kwa kuzaliwa, kabila lake linajulikana, mpole, mwenye kipara kilichoanza mapema. Akauliza habari za shangazi.

Baba alifurahi, akaanza tena kutukalisha. Shangazi akamkata. "Aambiwe kwanza," akasema. "Habari ya babu, yote, na mkate, na wale wa Matrah. Kabla mamake hajapanda ngazi hizi. Mimi sifasiri tena."

Bibi alikuwa kwenye kona yake anachambua mchele. Hakuinua kichwa, lakini mikono ilisimama.

Yule bwana akaambiwa. Siku ya pili alimwambia baba yangu kwamba mama yake atakuja Ijumaa.

Mama yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko, akiishi kwa nduguze kule Bustan, na alitupigia hodi kwa Kiswahili tangu chini barabarani. Raha iliyoje kusikia mgeni akipanda ngazi akilalamika kwa lugha yako. Hakuna aliyehitaji kufasiri. Baada ya shikamoo na marahaba, kahawa ikiwa bado inachemka, akaliingia jambo lenyewe.

"Bibiye, hilo la baba yako tumeshaambiwa. Mwanangu kanambia, nami nkacheka. Alidhani atanitisha."

"Alikuwa mtu mwema," Bibi akasema, akijiweka tayari kwa vita. "Na hakuwa Mngereza."

"Hata angekuwa! Sikiliza. Sie nasi tunaye wetu." Akashusha sauti, si kwa siri, kwa kitu kama soni. "Mamake babu wa mume wangu. Alikuwa mtumwa. Kaletwa kutoka bara, kanunuliwa, kazaa na bwana wake, ndo tukatoka sie. Nyumbani kwa wakwe zangu hatajwi. Mie nimeambiwa na mpishi."

Baba yangu alikohoa. Mama yangu akapata kazi kwenye mdomo wa birika.

"Jina lake nani?" Bibi akauliza.

"Alipewa jina. Yale majina wanayowapa, ya ua sijui, ya manukato. Lake mwenyewe hatulijui. Wala kwao hatupajui. Wewe unajua kwa babako kuna baridi. Sie hata hilo hatuna."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nakumbuka nilitazamia Bibi aanze hadithi ya boila. Hakuanza. Alikaa muda mrefu akiupitisha ukingo wa khanga yake katikati ya vidole, na uso wake ulikuwa uso nisioujua.

"Mamake mama yangu pia," akasema.

Hakuna aliyemwelewa mara moja.

"Mamake mama yangu. Aliletwa vivyo hivyo. Mie nimemwona. Kanilea mpaka nikaota meno ya pili. Walikuwa wakimwambia akae jikoni watu wakija."

Shangazi alikuwa chumba cha pili. Mlango ukafunguka, kinyume cha adabu zote za anayeposwa, akatoka akasimama katikati ya chumba.

"Mama! Huyo mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

"Tungemuuliza vipi mtu tusiyejua kama yupo? Ulinivunjia posa kwa ajili ya baba yako. Kwa heshima ya baba yako! Na huyu?"

"Na huyu nalimficha," Bibi akasema. "Miaka yote. Wala hakuna aliyenilazimisha." Aliangalia mikono yake. "Mzungu mlikuwa mkimpenda. Nikimsema, mkicheka, mkitaka zaidi. Miye mwenyewe nalipenda kumsema. Huyu nikimfikiria, nasikia wanavyomwambia aende jikoni."

Nimefikiria sana tangu hapo kile kilichokuwa kimetokea katika chumba chetu miaka mitatu minne kabla. Bibi alikuwa ametoa posa ya binti yake ili baba asikanwe, na alikuwa tayari kutoa zaidi. Lakini yule baba, hata kwa wale wa Matrah, alikuwa mtu unayeweza kumkubali au kumkataa. Wangeweza kumuuliza katoka wapi. Na mimi, baada ya kuyasikia haya yote kwa masikio yangu, nilikwenda chuo kikuu nikajiita Muairishi. Sehemu ile nyingine sikuitaja hata mara moja, na hakuna aliyenitazama akiitafuta.

Shangazi alibaki amesimama. Nilidhani atarudi chumbani na kubamiza mlango. Alikuwa na haki. Mama wa yule bwana akapapasa mkeka pembeni yake.

"Kaa, mwanangu. Wewe nshakuona, hakuna cha kuficha tena."

Shangazi akakaa, lakini hakukaa kwa mgeni. Alikaa mbele ya mama yake, magoti kwa magoti, kama walivyokuwa wakikaa zamani kabla ya samaki na istikhara.

"Alikuwaje?" akauliza.

Hadithi ya baba yake Bibi aliisema mara nyingi hata ilikuwa na mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuchekea. Hii hakuwahi kuisema.

"Mfupi," akasema mwishowe. "Mkono huu alikuwa na kovu, hapa. Akinisuka, alikuwa akisema maneno ya kwao, nami nkidhani anahesabu nywele..."

Kahawa ilichemka ikamwagika. Hakuna aliyenyanyuka. Siku ile tarehe ya arusi haikupangwa. Mgeni wetu alilazimika kuja tena wiki ya pili kuipanga.